Kambi ya Barafu, Tabata

Tone la kwanza liliniingia sikioni. Ilikuwa saa nane za usiku, mwezi wa Februari, na familia nzima tumelala sebuleni kwenye mkeka, maana mwezi huo chumba cha kulala Dar es Salaam ni tanuri lenye kitanda. Nikajipangusa, nikageukia upande wa pili. Tone la pili likaingia sikio la pili. La kwanza ningeweza kulisamehe. Hili la pili lilikuwa limenilenga.

Nikawasha taa. Ukutani, juu ya luninga, kiyoyozi changu kilikuwa kinakoroma bila kutoa upepo, kama mjumbe aliyesinzia kikaoni. Nikapanda kwenye stuli, nikainua kifuniko cha mbele, nikachungulia. Barafu. Sisemi ubaridi wala umande, nasema barafu yenyewe, nyeupe, imeganda juu ya mabomba ya ndani kutoka pembe hadi pembe, nene kama ukoko wa sufuria ya shughuli. Mimi huku nje nimelowa jasho mpaka bukta, chenyewe mle ndani kimejijengea Kibo.

Kuna wageni wanaotoka Ujerumani na Marekani, wanalipa maelfu ya dola, wanatembea siku kadhaa kupanda Kilimanjaro ili wafike kwenye kambi inayoitwa Barafu, mita zaidi ya 4,600 kutoka usawa wa bahari. Wanalala pale saa chache, wanaamshwa usiku wa manane, wanaendelea kwenda kileleni huku meno yanagongana. Mimi kambi ya Barafu nimeipata Tabata, jirani na mtaro, na kuamshwa usiku wa manane nimeamshwa vilevile. Tofauti ni kwamba wao wanapewa cheti.

Nikaenda jikoni kuchukua kisu. Niliona ni jambo dogo: unabandua bandua, unakusanya kwenye beseni, unarudi kulala. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingiza ncha katikati ya barafu Mama Watoto akafumbua jicho moja.

"Baba watoto, unachinja nini usiku huu?"

Kisu kikarudi jikoni. Nilizima mashine, nikatega beseni, na sote tukalala na joto letu tulilozaliwa nalo.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu hiki kiyoyozi, ingawa mtaani kwetu ukikiita kiyoyozi utaulizwa kama unasoma taarifa ya habari. Ni eisii. Nilikinunua mwaka juzi baada ya Mama Watoto kuhesabu feni zetu tatu na kugundua kwamba zote zinasukuma joto lilelile kutoka kona hii kwenda kona ile. Dukani Kariakoo muuzaji aliniuliza sebule yangu ina mita ngapi, nikamjibu ya kawaida. Akaniuliza dirisha linatazama wapi, nikamjibu linatazama kwa jirani. Akaandika BTU 12,000, nami nikaridhika, maana namba yenye masifuri mengi humfanya mnunuzi aone hajaibiwa.

Tangu siku ile rimoti iliwekwa 16, na haikuteremshwa zaidi kwa sababu tu haina namba ya chini ya hapo. Imani ya nyumba yangu ni kwamba ukiandika 16 baridi inakuja mbio, na ukiandika 25 inakuja ikiburuza ndala. Nilikuja kuelezwa baadaye sana kwamba namba ile si mwendo, ni kituo. Ni sawa na abiria wa daladala ya Pugu anayetaka kushuka Buguruni, akamwambia konda amshushe Pugu, akidhani hapo ndipo gari litakimbia zaidi. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule, ila utapitilizwa kwenu. Sebule ya Tabata mwezi wa pili haifiki nyuzi 16 hata ukiisomea dua, kwa hiyo mashine haipumziki, inakula karibu kilowati nzima, na taa nyekundu ya mita ya LUKU inapepesa kama jicho la mdeni aliyemwona anayemdai.

Nilipojaribu kuipandisha hadi 24, wanangu waliniangalia kama mtu aliyepunguza nyama kwenye mchuzi. Nikairudisha.

Asubuhi nikampigia fundi. Fundi akasema yuko njiani. Njia hiyo ilikuwa ndefu, kwa sababu alifika kesho yake jioni, amepakia mtungi kwenye bodaboda, ameukumbatia kama bibi harusi. Hakuingia ndani. Hakuuliza kilichotokea. Hakukiangalia kile kiyoyozi hata kwa heshima ya kumsalimia mgonjwa. Alipitiliza nyuma ya nyumba kwenye mashine ya nje, akanitaka niwashe, akafunga geji yake yenye mipira ya rangi mbili, akainamisha kichwa, akafyonza.

"Bosi, gesi imeisha."

Alilitamka kwa sauti ya daktari anayewaita ndugu wasogee pembeni. Nikamuuliza imeenda wapi. "Si inatumika, bosi."

Na mimi nikakubali! Naona aibu kuliandika hili, lakini nawaomba mnielewe. Nyumbani kwangu kila kitu kinaisha. Gesi ya jiko inaisha, tena maharage yakiwa nusu. Umeme unaisha, bando linaisha, mafuta ya taa ya akiba yanaisha na hakuna aliyeyawasha. Mtu aliyezoea maisha ya namna hii akiambiwa na gesi ya eisii imeisha, anauliza tu bei. Ilikuwa shilingi 80,000. Mashine ikatoa ubaridi safi, fundi akanitaka niweke kiganja nihisi mwenyewe, nikahisi, nikalipa, akaondoka.

Siku nne baadaye tone likanikuta begani. Safari hii nilikuwa nimehamisha mto.

Fundi wa pili alikuwa kijana mwenye kofia na maneno mengi. Alipoambiwa kwamba wiki ile ile kuna mwenzake amejaza gesi, alicheka kwa masikitiko. "Mzee wangu, aliyekuja hapa alikuwa kanjanja." Nikafurahi, nikasema leo nimepata mtu. Akaenda nyuma ya nyumba. Akafunga geji. Akafyonza, na nadhani kufyonza huku wanafundishwa mahali pamoja. "Gesi imeisha." Ila ya kwake ilikuwa orijino, kwa hiyo ilikuwa 95,000. Ili nisiwe na shaka alifungua mtungi kidogo, ukapiga pssss hewani, akanitazama kama mtu aliyetoa ushahidi mahakamani. Nikatikisa kichwa kama hakimu aliyeridhika.

Kati ya fundi wa pili na wa tatu zilipita wiki mbili ambazo nyumba yangu iliingia utaratibu mpya. Saa tano usiku upepo unapungua. Saa sita barafu inaanza kutokeza kwenye tundu la upepo. Saa saba mtu wa zamu anazima na kutega beseni. Zamu ilikuwa yangu siku zote saba za wiki. Mapande yalikuwa yakiachia na kuanguka kwa kishindo, na mwanangu wa mwisho alianza kuyakusanya. Habari zikafika kwa jirani yetu anayeuza barafu za ukwaju na mabungo kwenye vifuko, mama mwenye akili ya biashara kuliko mtaa mzima. Akaja na ndoo yenye kifuniko. Alitaka kujua kama barafu yetu inapatikana kila siku au ni kwa msimu.

Nilimwambia ile ni barafu ya kwenye mashine, imechanganyika na vumbi, haifai mdomoni. Akasema hataki ya mdomoni, anataka ya kuzungushia ndoo ili bidhaa isiyeyuke kabla ya mchana. Mama Watoto alinitazama kwa jicho la mtu anayepiga hesabu: 80,000, jumlisha 95,000, gawanya kwa ndoo. Nilikataa. Mtu ana heshima yake. Lakini sitaki kusema uongo, ndoo tatu zilitoka.

Fundi wa tatu nilielekezwa na dereva wa bajaji. Ni mzee wa makamo ya babu, aliyezeekea kwenye vyumba vya baridi vya samaki, na alifika siku ile ile, kwa miguu, saa aliyoisema. Hilo peke yake lilinitia mashaka. Kisha nikaona hana mtungi. Alishika mfuko wa rambo wenye brashi, bisibisi, geji na tochi. Fundi wa eisii asiye na mtungi ni kama mganga asiye na tunguri. Nikawa najiuliza nitamtoaje bila kumvunjia heshima.

"Shikamoo mzee. Nadhani gesi imeisha," nikamsaidia.

"Marahaba. Nani kakwambia?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hata nyumbani silipati, halafu akaomba stuli. Akainua kifuniko. Akapitisha kidole mahali fulani, akavuta, na mikononi mwake kikatoka kitu ambacho nilidhani ni kipande cha blanketi la jeshi.

"Hili chujio limeoshwa lini?"

"Chujio lipi?"

Alinitazama kwa muda. Halafu akavuta la pili.

Ndugu zangu, miaka miwili ya maisha yetu ilikuwa pale. Kulikuwa na vumbi la barabara yetu, ile inayochongwa kila baada ya mvua. Kulikuwa na moshi wa ubani, mvuke wa mafuta ya maandazi, nywele za binti yangu kila aliposukwa, na unyoya mmoja wa kuku ambao mpaka leo hakuna aliyeutolea maelezo. Vyote vimeshikana vikawa zulia. Mzee akaliinua dhidi ya taa. Taa haikuonekana.

Kisha akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mtoto aliyekuwa hataki shule. Gesi inapoingia kwenye mabomba ya ndani presha yake inashushwa, kwa hiyo inachemka ikiwa baridi, na ili ichemke inahitaji joto. Joto hilo inalinyonya kwenye hewa ya sebule inayosukumwa na feni kupita juu ya mabomba. Mabomba yakipata hewa ya kutosha yanakaa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri. Unyevu wa hewa unageuka maji, unateleza kwenye kibeseni cha chini, unatoka nje kwa mpira. Sasa ukiziba hewa isipite, gesi inakosa joto la kunyonya, mabomba yanashuka chini ya nyuzi 0, na yale maji yanaganda palepale kabla hayajadondoka. Barafu ikishaanza nayo inaziba njia, hewa inazidi kupungua, barafu inazidi kuongezeka, mpaka saa nane za usiku tone linatafuta sikio.

"Kwa hiyo gesi haikuisha?"

"Gesi haiishi. Haiko kama ya jiko, hakuna kinachoungua. Inazunguka tu kwenye mabomba yaliyofungwa, miaka yote. Ukiambiwa imepungua, muulize imevujia wapi. Akuonyeshe povu la sabuni linatoka kwenye nati gani."

Nikamwambia lakini geji ilionyesha kweli imeshuka, mimi mwenyewe niliiona mara mbili. Mzee akacheka. Mashine iliyoganda, akasema, ukiipima geji itashuka tu hata kama gesi imejaa pomoni, kwa sababu ndani hakuna joto la kuichemsha. Yule anapima barafu, anadhani anapima gesi. Halafu akaniongezea jambo lililonichanganya zaidi: hata gesi ikivuja kweli ikapungua, nayo huleta barafu, kwa kuwa presha ikishuka gesi inachemka ikiwa na ubaridi mkali zaidi. Kwamba mashine ikipungukiwa ndiyo inagandisha! Mimi nikipungukiwa napata homa.

Anazo dalili zake, alisema. Anaangalia nje yale mabomba mawili: lile jembamba likivaa utando mweupe wa barafu, anaanza kutafuta mahali gesi inapovujia, lile nene likiganda, anakwenda kwanza kwenye chujio na feni. Kwangu lilikuwa limeganda lile nene. Lilikuwa limeganda siku zote mbili ambazo wale wawili waliinama pale na geji zao, pua zao zikiwa shubiri chache tu kutoka kwenye jibu.

Nikakumbuka kisu, nikauliza kwa mafumbo kama kuna watu huwa wanaibandua barafu. Akasema wapo, na ndio wanaowatajirisha wauza eisii. Vile vibati ni vya alumini, vyembamba kama karatasi, na nyuma yake kuna bomba ambalo ukilitoboa, siku hiyo gesi itaisha kweli. Barafu haipigwi vita. Unazima kupoza, unaacha feni peke yake ipulize, unatega beseni, unasubiri saa kadhaa. Mama Watoto, aliyekuwa anapita na sinia la chai ambalo halikuwa na sababu ya kupita pale, alikohoa.

Tukasubiri. Katika kusubiri huko nilisoma simuni habari za mwanzilishi wa balaa hili. Ni mhandisi Mmarekani, Willis Carrier, na mwaka ni 1902. Nilitarajia kukuta alikuwa anawahurumia watu wanaolala sebuleni. Wapi! Kilikuwa ni kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Unyevu wa kiangazi ulikuwa unazivimbisha karatasi, rangi zinapishana, picha zinatoka na midomo pembeni ya uso. Mtambo wake ulitengenezwa ili kuutawala unyevu, karatasi zisivimbe. Binadamu tulidandia baadaye. Kwa hiyo gazeti unaloshika sasa hivi lina haki na kiyoyozi kuliko mimi ninayeliandikia, na ninaanza kuelewa kwa nini ofisi za wahariri wetu zina baridi na za waandishi zina madirisha.

Mzee aliosha machujio kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, akayaanika kivulini, si juani, maana plastiki ile hupinda. Wiki mbili, alisema, kwa barabara kama yenu. Kwenye lami labda mwezi. Akapiga brashi mabomba. Akawasha. Upepo uliotoka ulipeperusha pazia, kalenda, na risiti za wale mafundi wawili nilizokuwa nimezibana chini ya kopo la sukari.

Nikadhani tumemaliza. Akaenda nyuma ya nyumba na geji yake mwenyewe, akaiacha mashine ifanye kazi, akatazama kwa muda mrefu. Hakufyonza. Alitikisa kichwa tu.

"Gesi imezidi."

Ubavuni mwa mashine ya nje kuna bamba lililoandikwa kiasi cha gesi kwa gramu, na kazi ya fundi ni kuiheshimu ile namba kwa mizani. Mimi nilikuwa nimeongezewa mara mbili juu ya mzigo kamili. Kompresa ilikuwa inabeba kama punda wa mkaa. Ikabidi kesho yake mzee arudi na mtungi, safari hii mtupu, ili ainyonye ile ya ziada. Nikamuuliza kwa nini tusifungue nati tu ipige pssss. Akakasirika kwa mara ya kwanza. Gesi ya mashine hii, R-410A, ikiachiwa hewani inaipasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 ya hewa ya ukaa, kilo kwa kilo. Nikawaza yule kijana wa kofia na ushahidi wake wa mahakamani. Nilikuwa nimelipa 95,000 kuongeza joto la Februari.

Basi hesabu ikawa hivi: nililipa gesi iingie, nikalipa iingie tena, nikalipa itoke. Mtungi uliokuja mtupu uliondoka umeshiba, pochi yangu ikafanya kinyume chake.

Lakini tulikaa raha. Machi yote sikuona tone. Kila Jumamosi ya pili nilikuwa naosha machujio mbele ya watu, nikitoa maelezo bila kuulizwa. Niliwafundisha wapangaji wenzangu habari za bomba jembamba na bomba nene. Rimoti tuliiweka 25, na ile taa ya LUKU ikaanza kupepesa kwa adabu. Jirani wa barafu za ukwaju alinisalimia kwa ubaridi, ambao kwa wakati ule ndio ubaridi pekee uliokuwa unanikosesha raha.

Halafu akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu anatoka Makete. Ni mtu wa milimani. Kwao Juni na Julai wanaamka asubuhi wanakuta jalidi imetanda shambani, majani ya viazi yameungua kwa baridi kama yaliyopigwa moto. Alishuka kwenye basi Dar es Salaam, mvua za masika zinachelewa, joto limesimama kama ukuta, amevaa sweta mbili, na alipoingia sebuleni akahisi ule upepo alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika magoti. "Sisi tunaikimbia, nyinyi mnainunua!" Hayo alimwambia mwanawe. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano nyuma na begi, nikitazama sakafu, kama heshima ya ukweni inavyotaka.

Alipewa sebule alale na wajukuu zake. Mimi na Mama Watoto tukarudi kwenye tanuri lenye kitanda. Sikulalamika; mkwe halalamiki. Nilikuwa nalala nikisikiliza eisii yangu ikiunguruma ng'ambo ya ukuta, kama mtu anayesikia harusi ya jirani.

Usiku wa tatu mngurumo ulibadilika. Nikausikia ule mkoromo. Nikakaa kitandani. Haiwezekani: machujio nimeosha Jumamosi. Saa kumi na moja alfajiri nikaamua kwenda kunywa maji, nikapita sebuleni nikinyata, macho chini, na nikathubutu kuinua jicho moja kuelekea ukutani.

Kiyoyozi kilikuwa kimevalishwa khanga. Si kwa ovyo. Kimefunikwa vizuri kutoka juu, mahali kinapovutia hewa, mpaka chini ya tundu la upepo, pindo zimechomekwa nyuma ya boksi kwa ustadi wa mtu anayemfunika mtoto mchanga. Maandishi yalikuwa yamegeuka juu chini na sikudiriki kuinamisha shingo kuyasoma. Chini ya pindo, taratibu, kwa mpangilio, tip, tip, tip, maji yalikuwa yanadondokea sinia ambalo mtu mwangalifu alikuwa amelitega mapema.

Nikarudi chumbani.

"Mama anasema kinampiga mgongo," Mama Watoto akasema, hata sijafungua mdomo. "Watoto ndio walipanda kwenye stuli."

"Basi mwambie asifunike. Kinajipulizia chenyewe mle ndani ya khanga, hewa haizunguki, lazima kigande. Tuvigeuze tu vile vibao upepo uende juu."

"Mwambie wewe. Si ndiye fundi."

Ninyi mlio na wakwe mnajua jambo hilo haliwezekani. Unaanzaje? Unamwambia mama aliyekuzalia mke kwamba khanga yake, labda ile ya kutokea, imeharibu mashine? Nilijaribu kumtuma mwanangu wa mwisho. Nikamnong'oneza: nenda kamwambie bibi, kwa upole, kwamba eisii haivai nguo. Akaenda mbio, na nikamsikia akitangaza kwa sauti ya mnadani: "Bibi, baba anasema ile nguo yako inanuka!" Ilichukua siku nzima na kilo mbili za samaki kulisawazisha hilo.

Kesho yake kulipokucha mama mkwe alikuwa kibarazani, amechukua kipande cha barafu kutoka kwenye sinia, anakigeuzageuza kiganjani na kukitazama kwa macho ya mtaalamu. Nikamwamkia nikiwa mbali. Akaitika. Kisha, bila kunitazama, akauliza kwa ile sauti yake ya huruma kwamba hii mashine yangu inaonekana kama inaumwa, au haina nguvu, maana tangu afike upepo wake umekuwa ukipungua pungua, na je, tatizo ni nini, baba.

Mama Watoto alikuwa mlangoni amefunga mikono, anasubiri. Jirani alikuwa amekwisha kusimama kwenye uzio na ndoo yake. Nikakumbuka bomba nene na bomba jembamba, nikakumbuka 80,000 na 95,000, nikamkumbuka mzee na povu lake la sabuni. Nikatazama sakafu.

"Nadhani gesi imeisha, mama," nikasema.